Ngano Imeondoka, Wasiwasi Umebaki



Sinia la pilau limewekwa katikati ya mkeka. Wanawake sita wamelizunguka, mikono imekwisha kunawishwa, na mwenye karamu amewakaribisha. Watano wametia mkono. Wa sita anautazama wali, anazitazama sambusa zilizopangwa ukingoni mwa sinia, anayatazama makombo yaliyodondoka juu ya wali, na moyo unaanza kumwenda mbio. Viganja vinamtoka jasho. "Bismillah, mwanangu, tia mkono," anaambiwa na mama aliyeketi ubavuni mwake. Anatabasamu, anasema ameshiba, na muda si mrefu anaomba ruhusa arudi nyumbani.

Dada huyo ndiye aliyetusimulia kisa hiki, naye ametupa ruhusa ya kukiandika bila ya kumtaja jina wala mtaa. Siku ya karamu hiyo alikuwa ametimiza miezi minane tangu aache ngano kwa agizo la daktari. Tumbo lililomtesa kwa miaka mingi lilikuwa limetulia, uzito uliopotea ulikuwa unarudi, na jamaa walikuwa wakimshukuru Mola pamoja naye. Lakini hofu iliyokuwa ikimjia tangu siku za ugonjwa haikuondoka. Usiku ilimnyima usingizi, na mchana ilimfuata jikoni. Mavyaa wake, kwa mapenzi kabisa, alikuwa akimwuliza: "Mwanangu, si umeshaacha ngano? Basi wasiwasi wa nini tena?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuiandike makala hii. Tumeliona lina majibu, na kwamba kutoyajua majibu hayo huuzidisha mzigo wa mgonjwa na wa nyumba nzima. Tutakalolieleza ni hili: wasiwasi unaobaki baada ya mtu kuacha gluteni una sababu zinazojulikana, na una tiba yake. Si dalili kwamba mlo umeshindwa, wala si ushahidi kwamba imani imepungua.

Gluteni na maradhi yake

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, katika shayiri, na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike unapokandwa, na ndiyo inayoyashikanisha mahamri yanapofura ndani ya karai. Watu wengi huila maisha yao yote bila ya kudhurika. Lakini kwa mwenye ugonjwa wa seliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kuwa ni adui, na katika kupigana nayo huujeruhi utumbo mwembamba. Vijinyuzi vidogo vilivyo ndani ya utumbo, ambavyo kazi yake ni kufyonza lishe, husinyaa na kulala. Mtu hula akashiba, na mwili ukabaki na njaa.

Hukadiriwa kwamba kiasi cha mtu 1 katika kila watu 100 duniani ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui kuwa wanao. Daktari Mwingereza Samuel Gee aliueleza mwaka wa 1888 kutokana na watoto aliowatibu, na akahisi kwamba dawa yake itapatikana katika chakula, ingawa hakujua ni chakula gani. Aliyeifumbua siri hiyo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akiushuku mkate. Ilipofika njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, mkate ulipoadimika, watoto wenye maradhi haya walipata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Mwaka wa 1950 aliyaandika matokeo yake katika tasnifu ya chuo kikuu, na tangu hapo tiba ya seliaki imekuwa ni kuiacha gluteni kwa maisha yote.

Wako wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka wa 1999 madaktari wa Kitaliano walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi ambao wengi wao wamekuwa wakimbizi katika kambi za Algeria. Zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikutwa na seliaki. Hao ni Waislamu kama sisi, wa bara hili letu, na kiwango chao kilikuwa kikubwa kuliko cha Ulaya.

Mwili hauponi kwa siku moja

Turudi kwenye swali la mavyaa. Sababu ya kwanza ya wasiwasi kubaki imo mwilini humo humo.

Mtu anapoacha gluteni, tumbo huweza kutulia baada ya siku chache au wiki chache. Kwa sababu hiyo watu humwona amepona. Lakini utumbo wenyewe unahitaji muda mrefu zaidi. Alama za maradhi katika damu huchukua miezi kupungua, na kwa mtu mzima utumbo huweza kuchukua miaka miwili au zaidi kurudi katika hali yake. Katika kipindi hicho chote mwili unalipa madeni ya zamani: upungufu wa madini ya chuma, wa vitamini B12, wa foleti, na wa vitamini D.

Madeni haya yanafanana sana na wasiwasi. Mwenye upungufu wa damu kwa kukosa chuma huenda mbio moyo akipanda ngazi, hukatika pumzi, huhisi kizunguzungu, huchoka kabla ya Adhuhuri. Ukosefu wa B12 hugusa mishipa ya fahamu na hali ya nafsi. Mwanamke yumo hatarini zaidi kuliko mwanamume, kwa sababu ya damu ya kila mwezi, mimba na uzazi. Tena wenye seliaki hupatwa zaidi kuliko watu wengine na maradhi ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, na tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi humletea mtu mtetemeko wa mikono, mapigo ya moyo ya haraka na ukosefu wa usingizi. Mtu akiambiwa "tuliza moyo" na hali tezi yake inauchapa moyo huo mijeledi, ameambiwa jambo asiloliweza.

Kwa hivyo, hatua ya mwanzo si mawaidha. Ni kurudi kwa daktari na kuomba vipimo vya damu: wingi wa damu, akiba ya chuma, B12, foleti, vitamini D, tezi ya thairoidi, na zile alama za seliaki zenyewe. Alama hizo zikiwa bado ziko juu baada ya miezi mingi, huenda gluteni ingali inapenya kwa mlango wa nyuma: mchuzi wa soya uliotiwa katika kuku, unga wa mahindi uliosagwa kwa mashine iliyotoka kusaga ngano, uji wa mchanganyiko ambao ndani yake mna ngano, au mafuta yale yale yaliyokaangiwa mahamri.

Mlinzi asiyelala

Sababu ya pili imo katika nafsi, nayo inaeleweka mtu akiifikiri kwa uadilifu.

Kwa miaka mingi dada yetu aliumizwa na chakula bila ya kumjua adui. Alikula na wenzake akaumwa peke yake. Mwili ukajifunza kuiogopa sahani. Kisha siku moja akaambiwa kwamba adui ni ngano, na kwamba hata kombo linatosha kumdhuru. Kipimo kinachotumika kimataifa kwa chakula kinachouzwa kuwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula. Kiasi hicho hakionekani kwa macho. Tangu siku hiyo akapewa kazi ya ulinzi isiyo na zamu wala mapumziko: kusoma kila karatasi ya pakiti, kuuliza kila mpishi, kukisugua kila kijiko.

Mlinzi anahitajika. Lakini mlinzi asiyelala huugua. Watafiti wa New York, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, waliwatazama vijana na watu wazima wenye seliaki, wakaona kwamba wale waliokuwa na tahadhari ya kupita kiasi walikuwa na maisha yenye dhiki zaidi kuliko wenzao wenye tahadhari ya wastani. Huko Italia, mwaka wa 2001, wagonjwa waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja tangu waanze mlo walionekana kupungukiwa na wasiwasi, ila huzuni iliwabakia wengi. Na huko Ujerumani, mwaka wa 2010, ilionekana kwamba wanawake wenye seliaki, hali ya kuwa wanaushika mlo, walikuwa wakipatwa na wasiwasi zaidi kuliko wanawake wengine wa nchi hiyo.

Habari hizi hazipingani. Zatueleza kwamba kwa wengi hofu hupungua kadiri mwili unavyopona, na kwamba wako ambao hofu yao haiondoki na ngano, hasa wanawake. Hao wanahitaji tiba ya pili, mbali na ile ya kwanza.

Iko na huzuni pia, ambayo watu huifanyia mzaha. Kwetu sisi chakula ndicho kinachosema maneno ambayo ulimi unayaonea haya. Mbaazi na mahamri ya asubuhi ya Jumamosi, bokoboko la Idi, kaimati za futari, tambi za sukari alizokuwa akizipika marehemu nyanya: mwenye kuyapoteza haya amepoteza mengi kuliko ladha. Akilia, asichekwe.

Jina moja, mambo mawili

Lugha yetu imetuwekea mtego katika jambo hili. Neno "wasiwasi" tumelichukua katika Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono, ule wa Shetani anayenong'ona katika vifua vya watu. Kwa hivyo mwanamke wa pwani akisema, "Nina wasiwasi," masikio ya wengi husikia kwamba Shetani amempata na kwamba imani yake imelegea. Huambiwa azidishe adhkari, asimame usiku, aweke kisomo. Akifanya yote hayo na moyo ukaendelea kwenda mbio, huongezewa mzigo wa pili: sasa anaogopa kwamba hata dua zake zimekataliwa.

Wanavyuoni wetu wa kale walikuwa waangalifu zaidi kuliko hivyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 934 Miladia, sawa na 322 Hijria, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Sehemu moja ya kitabu ni ya afya ya mwili, na sehemu nyingine ni ya afya ya nafsi, humo akizungumzia ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Alieleza kwamba mwili na nafsi hupokezana maradhi, na kwamba iko huzuni yenye sababu inayojulikana na iko huzuni inayotokana na mwili wenyewe, na kila moja ina njia yake ya kutibiwa. Alishauri pia kwamba kama vile mtu anavyoweka akiba ya dawa nyumbani kabla ya kuugua, ajiwekee akiba ya fikra njema angali mzima, azitumie siku ambayo hofu itamjia. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na mwandishi wake ni Mwislamu.

Basi hatusemi watu waache dua. Dua na kisomo ni haki ya mgonjwa na ni faraja yake. Tunasema visiwekwe mahali pa kipimo cha damu, na mgonjwa asifanywe mshitakiwa.

Yakini na shaka

Dada yetu alituambia jambo lililotugusa. Alikuwa akikiosha kikombe mara tano kabla ya kunywa chai, na siku moja mumewe akamwambia kwamba amefanana na mtu mwenye wasiwasi wa udhu, yule anayerudia kuosha viungo mpaka jamaa wakasalimu. Neno hilo lilimwuma, kisha likamsaidia.

Kwani sote twajua mwenye wasiwasi wa udhu huelekezwa nini na walimu wake. Huelekezwa ajenge juu ya yakini, wala asiiache shaka iivunje yakini aliyokwisha kuipata. Akishaosha, ameosha. Kanuni hiyo ni ya ibada, nasi hatuifanyi kuwa kipimo cha hospitali. Lakini mwenye seliaki anaweza kuazima mpango wake. Ziko njia za kuipata yakini ya chakula, nazo zinahesabika: kusoma karatasi ya pakiti, kumwuliza aliyepika, kuhakikisha chungu na mwiko ni safi, kuhakikisha mafuta ni mapya. Akishayafanya hayo mara moja, ameuliza na amejibiwa. Fikra inayomjia baadaye, "je, huenda labda," hiyo ni shaka isiyo na ushahidi, na haina haki ya kumwondoa mezani.

Washauri wa nafsi waliosomea kazi hiyo hufundisha njia inayokaribiana na hii. Mgonjwa huzoezwa kuipambanua hatari ya kweli na ile ya kudhaniwa, kisha huirudia polepole ile hali anayoiogopa: kwanza chai kwa jirani anayemwamini, halafu chakula cha mchana kwa wifi yake, hatimaye karamu. Kila hatua hurudiwa mpaka moyo uizoee. Wako wanaohitaji dawa pia kwa muda, na hakuna aibu katika hilo. Wamkumbushe tu daktari na mwenye duka la dawa kuhusu seliaki, ili waangalie wanga uliotumika kutengenezea vidonge.

Ziko dalili ambazo hazifai kungojewa. Akiwa mtu amepunguza vyakula mpaka vimebaki viwili au vitatu, akiwa anazidi kukonda na hali ameacha gluteni, akiwa halali usiku kwa wiki nyingi, au akitamka kwamba maisha hayana maana tena, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Jikoni na mezani

Sasa tuwageukie wenye nyumba, kwani nusu ya tiba hii imo mikononi mwao. Mtu mmoja akibaki mlinzi wa peke yake, atachoka. Nyumba nzima ikilinda pamoja naye, ataweza kulala.

Tuanze na habari njema. Jiko la pwani ni karimu kwa mwenye seliaki. Wali wa nazi, pilau na biriani, ugali, muhogo wa nazi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, mbaazi, kunde, samaki wa kupaka, mchuzi wa papa, mchicha, mtama na wimbi: vyote hivi kwa asili yake havina gluteni. Vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina hutengenezwa kwa mchele. Aulizwe tu mpishi, kwa kuwa wako wanaochanganya unga wa ngano kidogo ili ushikane. Mahali pa mahamri paweza kukaliwa na vitumbua, na mbaazi zisione tofauti.

Vya kuepukwa ni chapati, mahamri, mkate wa duka, mkate wa mayai, sambusa, kaimati, tambi, bokoboko, na viazi karai vilivyovikwa unga wa ngano. Nyumba yenye mgonjwa itenge karai moja na mafuta yake, ubao mmoja, mwiko mmoja na kichujio kimoja, viwekwe alama vijulikane. Unga wa ngano usipepetwe pale anapopikiwa chakula chake, kwani vumbi lake huruka na kutua.

Liko jambo moja linalohitaji tahadhari mahsusi katika nyumba za Kiislamu. Talbina, uji wa shayiri unaofahamika katika mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kuwa ni faraja ya moyo wa mgonjwa na mwenye majonzi, ndiyo ya mwanzo kufikiriwa na jamaa wakisikia mtu ana hangaiko. Lakini shayiri ina gluteni. Kwa wengine talbina ni chakula chema. Kwa mwenye seliaki ni kama kumpa mkate. Dada yetu aliletewa bakuli la talbina na shangazi yake, kwa nia safi, katika wiki ile ile aliyokuwa na hofu zaidi. Alilipokea kwa shukrani, akawapa watoto. Mwenye kuiacha kwa sababu ya maradhi hakuidharau Sunna, kama vile mwenye kisukari hakuidharau tende anapoipunguza. Ampendaye ampikie uji wa wimbi au wa mtama, nia ikabaki ile ile.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Mwenye seliaki aliyeushika mlo wake vyema na damu yake ikawa imerudi, mara nyingi huweza kufunga kama watu. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, au anayeendelea kukonda, amwone daktari wake kabla ya mwezi kuandama, naye anaijua ruhusa ambayo dini imempa mgonjwa. Futari ipangwe mapema, ili wakati wa adhana mgonjwa asisimame mbele ya sahani kumi akitafuta ipi ni yake.

Na kwenye karamu tunawaomba wenye shughuli wafanye mambo mawili. La kwanza, sambusa na chapati ziwekwe katika sahani za peke yake, zisiwekwe juu ya wali. Halina gharama yoyote. La pili, akiwako mgeni mwenye hali hii, apakuliwe wa mwanzo, kabla ya mikono mingine kuingia. Kupakuliwa mwanzo kwetu ni heshima ya mgeni, kwa hivyo hakuna atakayeuliza, wala hataonekana ametengwa. Naye mgonjwa asiione haya kumpigia simu mwenye karamu siku mbili kabla. Mwenye kualika hupenda kuambiwa mapema kuliko kuona mgeni wake ameondoka hajala.

Kwa walioacha bila ya kupimwa

Tumesikia pia kuhusu watu walioacha ngano wenyewe, kwa kuambiwa na rafiki au kwa kuona mitandaoni, wakitumaini kwamba hofu zao zitaondoka pamoja na mkate. Hao tunawanasihi kwa upole. Seliaki hutambuliwa kwa kipimo cha damu, na kwa mtu mzima kwa kawaida huthibitishwa kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni ili kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Vipimo hivyo hutegemea mtu awe bado anakula gluteni. Aliyekwisha kuiacha kwa miezi huweza kuambiwa hana maradhi na hali anayo. Kwa hivyo kupimwa kwanza, kuacha baadaye. Aliyekwisha kuacha amweleze daktari, naye ataamua la kufanya.

Na iwapo vipimo vitaonyesha hana seliaki, basi wasiwasi wake utafutiwe sababu yake ya kweli. Huenda ni tezi, huenda ni damu, huenda ni dhiki ya nyumbani ambayo hakuna unga unaoweza kulaumiwa kwayo.

Sinia la pili

Dada yetu alipimwa tena. Akiba yake ya chuma ilikuwa chini sana, ingawa alikuwa ameacha ngano kwa miezi yote ile. Alipewa dawa ya kuongeza damu, akaanza kuonana na mshauri mara moja kwa wiki. Mavyaa wake alipoyasikia majibu ya hospitali alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe mwanangu ulikuwa ukiumwa, nami nakuuliza wasiwasi wa nini." Tangu siku hiyo karai la mkwewe haligusi mtu.

Baada ya miezi mitatu palikuwa na karamu nyingine katika nyumba ile ile. Safari hii alipiga simu mwanzo. Alipofika, sambusa zilikuwa katika sahani yake mbali, na mwenye nyumba akamnong'onezea, "Sinia hili halikuguswa na unga, nimelipakua mwenyewe." Wanawake sita wakakaa. Mama yule yule akasema, "Bismillah, mwanangu."

Tulimwuliza kama moyo ulitulia. Alicheka. "Wapi! Ulienda mbio vile vile," akatujibu. "Lakini safari hii ulikwenda mbio huku nikila."

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, wa miili na wa nafsi, na azifanye nyumba zetu kuwa mahali ambapo mgonjwa huuliza bila ya haya na hujibiwa bila ya lawama. Amin.